Kioo Kinapita

Jumamosi, 3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo, ni barua, wala hujakosea. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu pale kwenye kaunta ya duka, na mara ya mwisho nilipokueleza habari za tumbo langu, mteja aliyekuja kununua zipu akanishauri nipunguze pilipili. Mambo ya leo si ya wateja wa zipu.

Kwanza mazuri. Nina miezi saba hapa kiwanda cha vioo na bado nina vidole kumi. Mpaka sasa kazi yangu ni kusugua kingo. Kioo kikishakatwa ukingo wake ni mkali kama wembe, basi sisi wanawake watatu wa meza ya nyuma tunausugua kwa jiwe na maji mpaka unakuwa laini. Wiki iliyopita fundi mkuu akanisimamisha, akaniuliza kama nataka kujaribiwa meza ya kukatia. Meza ya kukatia, Shangazi! Hajawahi kusimama mwanamke pale. Mtihani ni Ijumaa, tarehe 13 Juni. Nikamjibu "nitafikiria" kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, halafu nikaenda chooni kurukaruka.

Sasa lile jingine. Ng'ambo ya lango letu kuna ukuta mfupi, karibu na fundi wa pancha. Kila jioni wanakaa hapo wanaume sita saba, hawamngojei mtu, hawana wanalofanya ila kututazama tukitoka. Majina yetu hawayajui, wanatuita kwa rangi za nguo. "Wewe wa kijani, cheka basi!" Mmoja anapiga mluzi. Mwingine nimempa jina la Bwana Harusi, maana anamchumbia kila anayetoka langoni, hata Mama Mapacha wa meza yetu, mwenye miaka hamsini na tano. Tulikuwa tunacheka. Lakini sasa ni wiki ya pili Bwana Harusi anashuka ukutani na kunifuata mpaka kituo cha basi, hatua mbili nyuma yangu, akininong'oneza mambo ambayo siyaandiki. Nikigeuka anainua mikono juu: "Njia ni ya wote, dada."

Kwa sasa natoka na wenzangu saa kumi na moja. Wakataji hutoka saa nzima baadaye, kwa sababu vioo vikubwa hukatwa sakafu ikiwa tupu. Na wakataji wote wana pikipiki, wakiwasha tu wameshapotea. Nikifaulu, nitatoka peke yangu.

Siogopi, ujue hilo. Lakini Baba asijue. Unakumbuka alivyosema siku naondoka: likitokea jambo moja tu, anakuja mwenyewe kunirudisha nyumbani. Na anaweza, unamjua. Mimi kurudi sitaki. Naitaka ile meza. Basi nifanyeje?

Uichane barua hii ukimaliza.

Mwanao,
Bi Mdomo


Ijumaa, 9 Mei

Wewe Bi Mdomo,

Marahaba. Barua yako imefika na imesomwa. Kuichana sijaichana, karatasi nzuri vile.

Nisikilize. Kwanza, usiwajibu. Watu wa namna hiyo ukiwajibu umewakaribisha sebuleni. Pili, lango la mbele liache. Hakuna kiwanda kisicho na mlango wa nyuma, pita huko. Tatu, vaa pete. Nimekuwekea moja humu ndani ya bahasha. Ni ya shaba tu, lakini kwa mbali ina mume. Nne, jifunge mtandio mpana, rangi isiyoita macho. Tembea haraka ila usikimbie.

Na huo mtihani, waambie mwakani. Meza haiendi popote.

Najua hapo umekunja uso. Ukunje tu. Nilifanya kazi miaka miwili kiwanda cha nyuzi kabla ya lile vumbi la pamba kuniharibu kifua nikaacha, na mimi nilikuwa natoka langoni jioni kama wewe. Haya mambo nayajua.

Baba yako hajambo. Anakuja kila Jumapili, anamaliza chai yangu yote, kisha anatengeneza rafu ambayo haijaharibika.

Shangazi yako


Jumapili, 18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwandiko wako siku hizi umekuwa mkubwa kama wa bango, nimeusoma nikiwa nimesimama mlangoni. Ningependa na ushauri uwe mkubwa hivyo. Samahani, lakini nina hasira na nitaisema.

Nilifanya yote. Mtandio wa rangi ya majivu, pete ya shaba, macho chini. Jumatano nikatoka mlango wa nyuma. Unatokea kwenye uchochoro mrefu, ukuta huku, ukuta huku, hakuna duka, hakuna fundi wa pancha, hakuna Mama Mapacha. Nilikuwa katikati niliposikia: "Kumbe tumeolewa?" Bwana Harusi. Alikuwa ameegemea ukuta kabisa, ananingoja. Akaushika mkanda wa mkoba wangu, akauzungusha mkononi mwake taratibu, akanivuta karibu.

Nilitaka kupiga kelele. Sijui nilitaka maneno gani, "jamani" au "nisaidieni", kama watu wote. Lililotoka ni "KIOO!"

Usicheke. Nikueleze. Siku yako ya kwanza hapa, kabla hujaonyeshwa hata choo kilipo, unafundishwa jambo moja. Anayebeba kioo anaita "Kioo!", au "Kioo kinapita!", na yeyote anayesikia anasimama palepale, mikono chini, miguu pamoja, mpaka kipite. Hata mwenye kiwanda. Na vioo vyetu huvushwa barabara kila siku kwenda kwenye malori, kwa hiyo mtaa mzima unaujua wito huo. Mwaka jana mmoja wa wale wa ukutani alijifanya hajasikia, akashonwa nyuzi kumi na moja pajani.

Basi Bwana Harusi aliganda, Shangazi. Mikono ikashuka yenyewe. Akaubana mgongo ukutani na kutazama huku na huku, kioo kiko wapi, kinatoka upande gani. Mimi nikapita. Nilipofika mwisho wa uchochoro ndipo nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu.

Pete nakurudishia. Wewe uliyemfukuza mkaguzi wa soko kwa ufagio! Wewe uniambie nitembee macho chini! Njia uliyonipa ilinipeleka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kwa nini ulinipa hiyo?

Nijibu.

Bi Mdomo


Jumapili, 1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Umenyamaza wiki mbili. Simu ukipokea unaniambia duka limejaa watu. Kama nimekukosea adabu, nisamehe kwa adabu. Kwa hasira yenyewe siombi msamaha.

Lakini hili siwezi kukaa nalo peke yangu, nitapasuka. Niliwasimulia wenzangu habari ya uchochoro. Mama Mapacha aliendelea kusugua. Baadaye akasema, "Kwa hiyo wanaliogopa jambo ambalo hata hawalioni." Mwenzetu wa tatu, tunayemwita Mrefu, akaliweka jiwe lake chini. Tukatazamana.

Jumatatu saa kumi na moja tukatoka lango la mbele. Mimi na Mrefu mbele, glavu mikononi, mikono tumeitandaza kama tumeshika kioo cha mita mbili. Katikati yetu hakuna kitu, hewa tupu. Mama Mapacha pembeni, yeye ndiye mwita, na lile koo lake ndilo lililolea mapacha. "Kioo kinapitaaa!"

Shangazi, laiti ungekuwepo. Mstari mzima wa ukutani ulinyanyua miguu. Yule wa mluzi alimeza mluzi wake. Mmoja akavua kofia, sijui aliona jeneza. Tukapita polepole mbele yao, karibu kabisa, tukiinamisha hicho kioo chetu kukwepa mti, tukaenda nacho mpaka kituo cha basi. Fundi wa pancha alicheka mpaka akakaa chini. Sasa tunafanya kila siku. Wameshajua hakuna kioo, lakini wanyanyue miguu, wasinyanyue, aibu wameipata, maana mtaa mzima sasa unawatazama wao.

Bwana Harusi peke yake hacheki. Alhamisi aliniambia, kwa upole kabisa, "Nasikia utakuwa unatoka saa kumi na mbili." Sijui nani kamwambia.

Na hapo ndipo penyewe. Saa kumi na mbili hakuna wa kunishikia upande wa pili. Nilimwomba fundi mkuu vioo vikubwa vikatwe asubuhi, kabla watu hawajaingia. Akasema "tutaona", na kwake yeye hiyo maana yake hapana. Jibu la mtihani anataka Jumatatu, tarehe 9. Mama Mapacha alisema atanisubiri, lakini ana mume mgonjwa nyumbani, sitaki.

Nikatae? Niambie ukweli, usinipe mtandio.

Bi Mdomo


Alhamisi, 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mara elfu. Hujanikosea. Ulichouliza nilistahili kuulizwa.

Kifua changu hakijawahi kuwa na kitu. Haya, nimesema. Miaka thelathini na moja nimekohoa mbele za watu kila nilipokumbuka kukohoa, na kifua changu ni kizima kuliko chako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kiwandani nilishika mashine nne, na walikuwa wananiandaa nisimamie safu nzima. Langoni walikaa wanaume. Nikavaa pete. Nikajifunga mtandio. Nikapita njia ya nyuma miezi miwili, macho chini, sikujibu. Umeona sasa? Ule haukuwa ushauri. Nilikutumia vitu vyangu vya zamani vilivyoshindwa kunisaidia, nikavipiga pasi nikavikunja vizuri ili visionekane vimechakaa. Siku moja huko nyuma walinizingira watatu. Hawakunifanya kitu, walicheka tu, walinizunguka wakicheka. Kesho yake nikasema naumwa kifua.

Kilichonimaliza si hao watatu. Mbele langoni, miongoni mwa waliokaa, alikuwepo mtu aliyenijua, na kila siku nilipopita alitazama chini. Simtaji.

Nilipoandika "mwakani", nilikuwa najiandikia mwenyewe, msichana yule wa wakati ule. Lakini wewe ulipokabwa uliita kioo, mimi nilikohoa. Kwa hiyo mimi si wa kukufundisha. Nakuambia tu ninachotaka: mwambie fundi mkuu ndiyo. Kisha toka lango la mbele, kichwa juu, na kama kuna wa kuona haya wawe wao.

Pete nimeitupa. Nimelala vizuri.

Shangazi yako


Alhamisi, 5 Juni

Binti yangu,

Hujambo. Mimi Baba yako. Barua hii naiweka kwenye bahasha moja na ya shangazi yako, maana mimi ndiye ninayekwenda kuzipeleka posta. Nimemwambia kwamba na yangu imo humu.

Shangazi yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakutaka ujue, angekusumbua na wewe ungesumbuka na nauli. Dukani anatambua vifungo kwa vidole. Kuandika anaandika, kwa herufi kubwa kama ulivyoona, ila mwandiko wako mdogo hausomi. Msomaji wake ni mimi. Ile ya kwanza nilikuwa naisoma kwa sauti, nimejiegemeza, chai mkononi, nikafika mahali umeandika "Baba asijue", nikajisikia nikitamka mwenyewe. Nilinyanyuka niende kufunga begi nije nikuchukue. Shangazi yako akasema, "Acha hilo begi. Barua haijaisha."

Ya pili, ya uchochoroni, nilishindwa kuimaliza. Nilifika kwenye mkanda wa mkoba nikasema macho yangu yamechoka. Nikaondoka nayo mfukoni, sikurudi Jumapili mbili. Zile wiki mbili za kunyamaziwa ni mimi, si yeye. Yeye hakujua ulimuuliza nini.

Mtu asiyetajwa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sina kazi, na pale langoni palikuwa na kivuli na maneno ya kuchekesha. Siku ya kwanza walipomwita dada yangu nilidhani nitasema "huyo ni dada yangu". Nikaona watanicheka. Nikatazama viatu vyangu. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Alipokuja nyumbani na kusema kifua, mimi ndiye niliyekwenda kumnunulia dawa ya kikohozi. Nilijua, nikanunua chupa mbili.

Juzi nilirudi na hiyo ya pili, nikaikuta ya tatu, nikamsomea zote mbili mpaka mwisho. Kisha nikamwambia haya. Akasema alijua, aliniona kila siku, ningewezaje kudhani hakuniona. Nikamwomba msamaha. Hajanijibu bado. Amenipa chai.

Mwanangu, ile ahadi ya kuja kukuchukua haikuwa ulinzi. Sikutaka tu kupaona tena mahali kama pale. Siji. Kaa kwenye meza yako.

Baba


Jumamosi, 14 Juni

Shangazi yangu, na Baba unayesoma,

Shikamooni. Baba, soma kwa sauti na usiruke kitu.

Shangazi, hayo macho tutayazungumza, na nitazungumza mimi. Mtoto wa jicho anaondolewa. Uandae maneno yako ya kubisha mapema.

Nimefaulu! Fundi mkuu alinipa kioo kizima, mita mbili, akasimama nyuma yangu na mikono kifuani. Kalamu ya almasi ya kukatia kioo hupitishwa mara moja tu. Ukirudia mstari, kioo kinapasuka kinavyotaka chenyewe. Nikavuta pumzi, nikapita mara moja, kriii, mpaka mwisho. Nikakigonga kwa chini, kikaachana vipande viwili, kimenyooka. Fundi mkuu akapitisha kidole ukingoni, akasema "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Baba, barua yako nimeisoma mara nne. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikasirika nikataka kupiga simu nikutukane kwa heshima. Ya tatu nilifika kwenye chupa mbili za dawa nikacheka vibaya. Sitakuambia yamekwisha, hilo ni la Shangazi, yeye ndiye wa kulisema siku akitaka. Lakini ya nne niliisoma taratibu, nikaona umenipa kitu. Umeniambia pale ukutani kuna nani.

Saa kumi na mbili jana nikatoka lango la mbele, peke yangu, nguo ya kijani. Pikipiki zikaondoka. Bwana Harusi akashuka ukutani, akajifuta suruali, akaanza kuja. Niliogopa, sitawaficha. Ila safari hii sikumtazama yeye. Nilisimama nikawatazama wale wengine, mmoja mmoja, nikikutafuta wewe, Baba. Nikakupata.

Ni mtu mzima, ana ndevu na shati la bluu. Sikuwahi kumpa jina kwa sababu sijawahi kumsikia akitamka neno. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikampita Bwana Harusi kama nguzo ya umeme, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya yule mtu.

"Kaka, habari za jioni," nikamwambia. "Wewe unajua anachonifanyia huyu si utani. Na mimi najua kwamba unajua."

Fundi wa pancha aliacha kupampu. Bwana Harusi akaja nyuma yangu, akacheka, "Dada, njia ni ya wote." Mimi sikugeuka. Niliendelea kumtazama yule wa shati la bluu mpaka akainua uso. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akamtazama mwenzake, akasema, "Kaa chini."

Bwana Harusi akatafuta wa kucheka naye. Akatazama huku, akatazama huku. Hakumpata. Akakaa.

Nilitembea mpaka kituoni, sikusikia hatua za mtu nyuma yangu.

Maneno mawili tu alisema yule wa shati la bluu, Baba. Msomee Shangazi hapo tena, polepole.

Mwanenu,
Mkataji